Behewa la Mama Kijacho

Mkunga alipomaliza kumpima presha alikunja mkanda wa kipimo, akautia mkobani, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Kuanzia leo wewe ni wa kitandani. Chooni utakwenda, bafuni utakwenda. Mengine yote wafanye wengine."

"Yote?"

"Yote. Ukitaka kuinuka, mfikirie aliyemo tumboni."

Mama Kijacho, kama nyumba nzima ilivyozoea kumwita tangu tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni, hakuuliza nani atapika wala nani atafua. Alitazama kupitia mlango uliokuwa wazi mpaka chumba cha pili, ambako behewa lake lilikuwa limelala juu ya meza likiwa bado si behewa: karatasi nyeupe za plastiki ngumu, vijiti, waya mwembamba kama unywele, na mchoro uliobanwa kwa vibanio vya nguo. Akashusha pumzi ndefu mpaka mkunga akadhani ni uchungu.

Ulikuwa uchungu wa aina nyingine. Kazini, katika idara ya maji, Mama Kijacho alichora ramani za mabomba kutwa nzima. Akirudi nyumbani alijenga treni. Hakuzinunua dukani zikiwa tayari. Alizijenga kwa mkono wake mwanzo mpaka mwisho, kwa kipimo ambacho mita nzima ya kweli inakuwa upana wa ukucha. Alikuwa katika klabu ya watu wenye ugonjwa kama wake, na klabu hiyo ilikuwa imejaza ukumbi kwa reli moja ndogo yenye vilima vya plasta, daraja la chuma na stesheni ya matofali mekundu. Kichwa cha treni walikuwa nacho, tena cha kujivunia. Mabehewa ya mizigo yalikuwa tele. La abiria halikuwapo hata moja, kwa sababu kila fundi wa klabu alilikwepa: madirisha mengi, viti vingi, na kosa dogo linaonekana kama chunusi puani. Vijisanamu vya abiria vilisimama pale stesheni na mizigo yao miaka nenda miaka rudi, treni zikivipita bila hata kupunguza mwendo. Mama Kijacho alivionea huruma. Siku moja mkutanoni akasimama, akajitolea, kwamba siku ya maonyesho klabu itakuwa na behewa la abiria.

Mfano wake alikuwa ameupata nyuma ya karakana ya reli: behewa la daraja la tatu lililokuwa likila kutu peke yake. Alilipima kwa futi ya utepe kuanzia ngazi mpaka paa, akalipiga picha kila kona, hata mlinzi akamuuliza kama anataka kulihamia. Baadaye lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Kwa hiyo lilikuwa limebaki kwenye mchoro wake tu, na mchoro ulikuwa chumba cha pili, na yeye alikuwa wa kitandani.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Alitoka nyumbani watu wakiwa bado wanakoroma na kurudi mchana akiwa mweupe nyusi. Alijua hataweza kumwangalia mkewe na tanuri kwa pamoja, basi akawapigia simu wazee wawili, baba yake na baba wa mkewe, kila mmoja kwa siri, akiamini lazima mmoja atatoa udhuru. Hakutoa udhuru mtu. Wote wawili walifika siku moja, kila mmoja na begi lake, wakakutana mlangoni wakabaki wanatazamana kama watu walioagizwa kukaa kiti kimoja.

Baba wa Mama Kijacho alikuwa daktari wa meno mstaafu. Watu walimwita Daktari hata sokoni. Baba wa mwokaji alikuwa mshona suti, na yeye alikuwa Fundi, basi. Ugomvi wao ulianzia harusini. Fundi, kwa moyo mweupe, alimshonea mkwe mwenzake suti ya kijivu. Daktari aliposimama kutoa nasaha, karatasi yake ikaanguka, akainama kuiokota, na suruali ikapasuka kwa mlio uliosikika mpaka meza za nyuma. Nasaha zote alizitoa akiwa ameegemea ukuta. Daktari akasema Fundi alikosea kupima. Fundi akasema alipima sawasawa, ila aliyepimwa aliendelea kula. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa watoto: "Mwambie mkwe mwenzangu nimemsalimu." "Mwambie zimefika."

Sasa walikuwa chini ya paa moja, na kila mmoja amekuja kuuguza.

Daktari alifungua dirisha, mgonjwa apate hewa. Fundi akalifunga, mgonjwa asipigwe na upepo. Fundi alileta uji. Daktari akauonja, akasema una sukari ya kutoboa meno, akaenda kupika mwingine. Mito ilibadilishwa mara mgongoni, mara miguuni, na mgonjwa aliinuliwa na kulazwa kama jarife, wavu wa wavuvi wa papa. Mkunga aliporudi kupima aliutazama mshale, akawatazama wazee waliosimama huku na huku kitandani kama mishumaa, akasema, "Hii presha si ya mtu mmoja. Hii imechangiwa."

Alipoondoka, Mama Kijacho aliwaita.

"Baba. Baba mkwe. Mnanipenda?"

Wakajibu kwa pamoja kwamba hilo nalo ni swali.

"Basi nileteeni ile meza humu ndani, muiweke chini ya dirisha. Na taa yake. Na lile boksi la vifaa. Kuanzia leo mtakuwa mikono yangu."

"Mikono ya kufanya nini?" akauliza Fundi.

"Ya kujenga behewa."

Daktari alikohoa kidogo. Alikuwa hajawahi kusema wazi, lakini aliona ajabu kwamba binti yake msomi anacheza treni. Hata hivyo aliogopa mshale wa presha kuliko treni. Meza ikaletwa, na kwa kuwa ilikuwa nzito, ilibidi waibebe pamoja, mmoja akirudi nyuma na mwingine akimwelekeza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana tangu harusi: "Kushoto kidogo." "Kushoto kwangu au kwako?"

Kazi waligawana wenyewe. Daktari alisema yeye atakuwa msimamizi, maana usahihi ameuzoea, na kuunganisha kwa gundi pia ataweza. Kukata kukamwangukia Fundi, na hakulalamika. Mikono yake ilikuwa imeshika mkasi maisha yake yote. Mama Kijacho alilalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, akaanza kufundisha.

"Hukati plastiki kama kitambaa, baba mkwe. Unapitisha kisu kwenye rula, taratibu, mara ya kwanza kama unaikwaruza tu. Unarudia. Halafu unaikunja, inavunjika yenyewe kwenye mstari. Madirisha yakatwe kwanza, ubavu ukiwa bado bapa. Ukishausimamisha, umechelewa."

Ubavu wa kwanza ulitoka vizuri kupita matarajio. Daktari alisimama begani kwa Fundi na miwani yake ya zamani ya kazini, ile yenye lenzi mbili zilizochomoza kama macho ya kinyonga, akitangaza kila unywele. "Umekwenda nje. Rudi. Hapo. Simama." Fundi alivumilia, akakata dirisha baada ya dirisha, akapitisha tupa ndogo kwenye pembe, na safu ile ya matundu ilipoinuliwa kwenye mwanga, kivuli chake kikaanguka juu ya shuka kikiwa behewa kabisa. Mama Kijacho alikigusa kwa kidole.

Mchana Daktari alilala kidogo. Fundi hakutaka kupoteza wakati, akakata ubavu wa pili peke yake. Mgonjwa naye alikuwa amesinzia. Walipoamka walikuta amemaliza na anafuta meza kwa madaha.

Daktari aliziweka mbavu mbili sambamba. Wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, upana wa kidole huku na upana wa kidole kule.

"Hii nini?" akauliza.

Fundi aliusogeza ubavu mbali kidogo na macho. "Nimeacha ya kukunjia," akasema.

"Ya kukunjia nini?"

"Pindo. Mshono. Huwezi kukata nguo bila kuacha ya kukunjia."

"Hii si nguo, Fundi."

"Nimeshaona si nguo."

"Kumbe unajua kuacha nafasi. Kwenye suruali yangu hukuacha."

"Nafasi niliiacha. Ni wewe uliyeimaliza."

Maneno yalikuwa yanataka kupamba moto, lakini walisikia kitanda kikitikisika. Mama Kijacho alikuwa amejifunika uso kwa mto. Wazee wote wawili walimkimbilia, roho juu, wakamwondolea mto, wakakuta anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Msinichekeshe," alisema akishika tumbo, "mtoto ananipiga mateke." Kisha akawaambia kilichozidi kinakatwa tu, hakuna hasara, kosa baya ni la kupunguza. Fundi akakata, safari hii Daktari akiwa macho. Na mkunga alipopita jioni kupima, mshale ukakaa chini kidogo kuliko jana. Akauliza kama wamebadilisha chakula.

Ubavu wa behewa la kweli haukuwa bapa. Chini ulijikunja kidogo kuingia ndani, kama shavu. Fundi alipendekeza pasi. Mama Kijacho alisema pasi itafanya chapati, akawaelekeza wafunge plastiki kwenye chupa kwa vipande vya bendeji na kuimiminia maji ya moto. Bendeji Daktari alizifunga kwa ustadi kiasi kwamba Fundi aliuliza kama chupa itaruhusiwa kutoka hospitali leo au kesho. Daktari alitaka kununa, akashindwa.

Baada ya hapo kazi ilishika kasi. Sakafu ilifuata, kisha kuta za vyumba, kisha viti vya mbao vya daraja la tatu, vijiti vitatu vya kukalia na viwili vya kuegemea. Mama Kijacho aliwaza kila kitu akiwa amelala, wao wakakitenda. Paa lilichongwa kwa mbao laini na msasa. Alisisitiza lisigundishwe, liwe la kufunika na kufunua kama kifuniko cha sufuria, ili siku moja mtu akitaka kuingia ndani asivunje nyumba. Fundi alijipa kazi ya vitasa vya milango na vishikio vya ngazi, akivikunja kwa koleo kutoka kwenye waya. Alivikunja kwa mapenzi, vikatoka vinene kidogo upande mmoja wa behewa. "Vishikike," alisema.

Daktari naye alijiokotea kazi ambayo hakuagizwa. Alikwenda kwake asubuhi moja, akarudi na kopo la unga na chupa ya maji yake, vile alivyotumia zamani kutengenezea meno ya bandia. Akaanza kufinyanga abiria, viwiko amevikita mezani. Alimfinyanga mama mwenye kikapu, bwana aliyesinzia, wanawake wawili wanaosengenya. Walikuwa na sura kabisa. Mmoja ungeapa unamjua. Tatizo lilikuwa moja tu.

"Mkwe," Fundi alisema, akiwa amemweka bwana aliyesinzia kiganjani, "hawa mbona wana rangi ya ufizi?"

"Watapakwa rangi."

"Afadhali. Maana behewa zima linataka kutabasamu."

Ndivyo ilivyokuwa, bila mtu kutangaza, kwamba Fundi akaanza kusema mkwe na si mwambie mkwe mwenzangu.

Ugomvi wa suruali wenyewe ulimalizwa na rangi. Siku ya kupulizia waligeuza bafu kuwa karakana: boksi kubwa limelazwa ubavu, behewa ndani yake juu ya kopo, bomba la kupulizia mkononi mwa Fundi. Kwanza rangi ya msingi ya kijivu. Ikikauka, krimu juu kuzunguka madirisha. Ikikauka, utepe wa karatasi unabandikwa juu ya krimu, na rangi ya damu ya mzee inapuliziwa chini. Mama Kijacho alikuwa ameonya wasipulizie siku ya mvua, kwa kuwa unyevu huingia kwenye rangi ikatoka na ukungu. Walikaa wakitazama mbingu kama wakulima. Mawingu yalipoachia jua wakakimbilia bafuni, na katika kukimbia Daktari alikanyaga kopo la damu ya mzee. Lilimwagikia suruali yote.

Hakuwa na nyingine. Zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Fundi alimpa yake. Daktari aliingia chumbani akiwa na mashaka, akatoka amefunga vifungo vyote. Ilimkaa kama iliyoshonwa kwa ajili yake.

Wakatazamana. Wote wawili walikumbuka kwamba siku za harusi Fundi alikuwa mwembamba kama uzi, na Daktari alimpita kiunoni kwa mbali.

"Hii ni ya lini?" akauliza Daktari.

"Mwaka huu."

"Basi na wewe umekula."

"Nimekula," Fundi alikubali. "Chakula kilikuwa kizuri. Geuka nikuone nyuma. Aa, mshono safi huo, tembea." Daktari alitembea mpaka mlangoni na kurudi, na Mama Kijacho akiwa kitandani akasikia vicheko kutoka bafuni, vya wanaume wazima, akajiuliza ni rangi ndiyo imewalewesha au nini.

Utepe ulipobanduliwa, mpaka kati ya krimu na damu ya mzee ukatoka mnyoofu. Sasa ulibaki mstari wa manjano wa kupita chini ya madirisha kutoka mwanzo mpaka mwisho, mwembamba kama uzi wa kushonea, unaochorwa kwa kalamu ya wino ya wachoraji iliyotiwa rangi. Ndio unaolifanya behewa liwe behewa, alisema Mama Kijacho. Mkono ukitikisika, unaonekana.

"Hapo ndipo pa Daktari," Fundi akasema, akasogeza kiti. "Mtu aliyetia vijazo kwenye meno ya nyuma, mstari huu ni nini kwake?"

Daktari alisema ana kiu. Akaenda jikoni, akakaa muda kuliko kiu ya kawaida. Fundi alimfuata akitaka kumwambia rangi inakauka kwenye kalamu. Alimkuta amesimama kwenye sinki na glasi ya maji, na maji yanacheza ndani ya glasi, yakigonga kingo huku na kule, ingawa yeye alikuwa amesimama tuli.

Fundi alielewa kwa nini tangu mwanzo mkwe wake alikuwa msimamizi.

"Anajua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajui. Nilistaafu mapema, nikasema nimechoka. Kutetemeka kwenyewe daktari mwenzangu anasema si ugonjwa wa kuua. Ni ugonjwa wa kumwaga chai." Daktari aliiweka glasi chini. "Sitaki aharibu mapumziko yake kwa kunifikiria mimi."

Fundi aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Kazi ya karibu siioni vizuri. Yale madirisha niliyakata kwa sababu ulikuwa unaniambia umekwenda nje, rudi. Ulidhani navumilia kelele zako bure? Ule ubavu wa pili nilikuwa napapasa."

Daktari alimtazama. "Na ya kukunjia?"

"Ya kukunjia ilikuwa mazoea kweli."

Walirudi chumbani. Fundi akashika kalamu, Daktari akavaa miwani yake ya kinyonga na kuinama mpaka ndevu zikakaribia rula. Hawakueleza kitu, na Mama Kijacho hakuuliza, ila aliona jinsi baba yake alivyoificha mikono mfukoni, na akaikumbuka chai iliyomwagika kwenye sahani kila asubuhi. Akaamua atamngoja mwenyewe aseme.

"Anza," Daktari alisema. "Polepole. Shuka unywele mmoja. Hapo hapo. Nenda. Nenda. Pumua, usife. Nenda."

Mstari ulikwenda mpaka mwisho. Wakageuza, wakachora wa upande wa pili. Walipomaliza, wote watatu walikuwa wamechoka kama waliosukuma behewa la kweli.

Ilibaki vioo, ambavyo ni plastiki angavu ya kubandika kwa ndani. Mama Kijacho alisema watumie gundi nyeupe ya karatasi, ile inayokauka ikawa haionekani, na wasiguse kabisa gundi ya haraka. Daktari alisikia, lakini maonyesho yalikuwa kesho, Fundi alikuwa amekwenda kutafuta maboksi, na gundi nyeupe ilichukua karne kushika. Akatumia ya haraka. Ilishika papo hapo. Akafunika paa, akaridhika na nafsi yake, akaenda kujimwagia maji.

Aliporudi, vioo vyote vilikuwa vimeota ukungu mweupe, kama behewa limejaa moshi. Ni hewa ya gundi ile. Ikifungiwa ndani hutua kwenye vioo na haifutiki.

Fundi aliingia na maboksi yake. Akatazama. "Abiria wanavuta sigara?" akauliza.

Kabla Daktari hajajibu, Mama Kijacho alisema kutoka kitandani, kwa utulivu mkubwa, "Baba, vioo tutaviongelea baadaye. Mwiteni mume wangu. Maji yamenitoka."

Nyumba ikageuka soko. Mwokaji alifika na aproni. Teksi ilikuja, begi likasahauliwa, likarudiwa. Mama Kijacho alipokuwa anaingizwa ndani ya gari alishika mlango akawageukia wazee. "Vibandueni taratibu kwa ncha ya kisu. Plastiki nyingine iko chini ya boksi. Gundi nyeupe." Uchungu ukamkata maneno, akangoja upite, akamalizia, "Kwa kijiti cha meno."

Kubaki nyumbani hawakuweza, na kuliacha behewa katika hali ile hawakuweza pia. Wakalitia kwenye boksi la viatu pamoja na kisu, plastiki, gundi na vijiti, wakalifuata gari.

Basi waliofika wodi ya uzazi alasiri ile waliona kitu ambacho huenda hawajakiona tena: wazee wawili kwenye benchi la korido, boksi la viatu katikati yao, paa la behewa limewekwa pembeni juu ya kofia. Mmoja alishika kijiti, mwingine alikuwa na miwani ya ajabu na anasema, "Kidogo zaidi. Hiyo nyingi. Futa." Walivibandua vioo vibovu kimoja kimoja, wakakata vipya, wakavipachika. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, wote wawili waliinua vichwa, na kila ulipofungwa waliinamisha. Ilisaidia. Daktari alisema baadaye kwamba bila madirisha yale angeingia mule ndani na kufukuzwa.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kuwa wa dhahabu mkunga alipotoka, yuleyule wa presha.

"Babu ni nani kati yenu?"

"Sote," wakajibu.

"Ni msichana. Mama hajambo, mtoto hajambo." Akatazama boksi. "Na hicho?"

"Daraja la tatu," alisema Fundi, akajifanya anatafuta kijiti kilichoanguka. Daktari alimshika bega. Mkono ulitetemeka, na hakuuficha.

Asubuhi ya maonyesho Mama Kijacho alikuwa ameketi kitandani wodini, mtoto kifuani, akiwa amelikagua behewa kwa jicho la mwenye kazi. Vioo vilikuwa safi kama hewa. Pembe moja ya paa haikukaa sawa, akaisamehe. Sasa swali lilikuwa nani atalipeleka klabu. Wazee wote wawili waligoma. Hawakuwa tayari kumwacha mjukuu hata kwa treni ya kweli. Akamgeukia mumewe.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mimi sijui hata mbele yake ni wapi."

"Halina mbele. Ndiyo raha yake. Nenda, utapiga simu."

Simu ilikuja watu wakiwa wameshakunywa chai. Mama Kijacho aliiweka mezani, sauti imefunguliwa. Mwokaji alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye kwenye mazishi. Behewa limefungwa nyuma ya kichwa cha treni, limepita daraja vizuri, watu wamepiga makofi, lakini limefika stesheni limekwama. Linagusa jukwaa.

"Linagusa na nini?"

"Kama vile vishikio. Vya upande huu vinene."

Fundi akatazama dari.

"Ligeuze," Mama Kijacho alisema. "Upande ule mwingine ndio uelekee stesheni."

Mkwaruzo. Kisha ikasikika sauti ndogo ya magurudumu kwenye maungio ya reli, tak-tak, tak-tak, ikaja, ikapita karibu na simu, ikaenda zake, na nyuma yake sauti za watu wazima wakishangilia kama watoto. Mwokaji alisahau kunong'ona. "Limepita," alisema. "Mke wangu, limepita. Limezunguka lote. Mwenyekiti wenu anauliza abiria nani kawatengeneza, anasema kuna mmoja anafanana na shemeji yake. Na anauliza la pili litakuwa tayari lini."

"Mwambie mafundi watamjibu."

Mafundi walikuwa na kazi nyingine. Fundi alikuwa amempakata mjukuu kwa zamu yake, akimpima urefu wa mkono kwa shibiri bila kujua anapima. Daktari alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Chai ilimwagikia sahani.

"Mwanangu," alisema, "kuna jambo nilikuwa sijakuambia."

"Nalijua, baba," alisema Mama Kijacho. "Lakini niambie."

Akamwambia. Halikuwa refu. Binti yake aliusogeza mkono wake juu ya ule wa baba yake, ukatulia kidogo chini yake, na wakaendelea kukaa hivyo mpaka mtoto alipopiga chafya, watu wazima watatu wakainuka kwa pamoja kutafuta kitambaa.

Mchana alijaribu kulala. Wazee walitoka koridoni ili wasimsumbue, wakaacha mlango haujafunga vizuri.

"La pili liwe daraja la kwanza," alikuwa anasema Fundi. "Viti vya kitambaa. Mapazia nitashona mimi, ya hariri."

"Hariri itaganda kama kadibodi kwa kipimo hicho."

"Wewe ulishona lini?"

"Nilishona fizi miaka yote hiyo. Usiniambie habari za uzi."

Mama Kijacho alifumbua jicho moja. "Hakuna kukata kitu mpaka nitoke," aliita.

Kisha Daktari akasema, taratibu, kwamba kupima peke yake si kukata, na Fundi akaafiki, na nyayo zao zikasikika zikielekea lango la nje, Fundi akiuliza karakana ya reli iko upande gani.